Kamati ya Kiti cha Mwamini

Nimekuwa mwenyekiti wa kamati kumi na saba hapa Ujiji. Kumi na sita zilikuwa za harusi, na katika hizo zote pilau ilitosha, muziki ulipigwa na maharusi walifika ukumbini salama. Ya kumi na saba ilikuwa ya kumnunulia dada yangu kiti mwendo. Hiyo ndiyo wanayonicheka nayo barazani hadi leo, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia kwa chumvi yake, nimeona bora niisimulie mwenyewe, hata pale ninapoonekana mjinga. Na pale ni pengi, mtanivumilia.

Dada yangu anaitwa Mwamini. Nimemzidi miaka saba. Ni mfanyabiashara wa dagaa kule Kibirizi, na si wa kisado kimoja. Ananunua mzigo mbichi asubuhi boti zinapoingia, anauanika, anaufunga kwenye magunia na kuusafirisha hadi Tabora na Kahama. Mwaka jana mwezi wa pili, rundo la magunia ya chumvi lilimporomokea ghalani likamvunja uti wa mgongo. Alilazwa hospitali miezi minne. Alipotoka, kuanzia kiunoni kushuka chini hakuna kilichomtii tena. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa Mwamini yuleyule, mwenye mikono ya kunyanyua magunia na mdomo ambao wauguzi walikuwa wakiupisha koridoni.

Siku ya kuruhusiwa, Regina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alituita pembeni mimi na mke wangu Nasma. Alisema Mwamini sasa anahitaji kiti chake mwenyewe cha kila siku, na kwamba kiti hicho hupimwa kama nguo: upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha mgongo. Kiwe chepesi, kilo kumi au pungufu, maana atakisukuma mwenyewe kutwa nzima. Akatuomba tukienda kununua tumwite, hata ikiwa siku yake ya mapumziko.

"Mabega yake sasa ndiyo miguu yake, Mzee," aliniambia. "Msiyatwishe mzigo."

Niliitikia kwa kichwa, kama ninavyowaitikia watu wa mapato wanapopita dukani. Kisha nikarudi nyumbani kuunda kamati.

Kwetu jambo la maana halinunuliwi na mtu mmoja. Ukinunua peke yako, kikiharibika utalaumiwa peke yako. Mwanangu Musa, anayeendesha bajaji, alifungua kundi la WhatsApp saa sita mchana. Kufikia alasiri lilikuwa na watu sitini na wawili, na watatu kati yao walikuwa wameshauliza sare ni rangi gani.

Kwenye kikao cha kwanza niliwasomea wajumbe maneno ya Regina. Nasma ndiye aliyeanza kuyapinga. Kilo kumi, akauliza, hicho ni kiti au ni mwavuli? Kwa Nasma kitu cha thamani hujulikana kwa uzito. Kitanda kinachobebwa na wanaume wanne ni kitanda, na kinachobebwa na mmoja ni machela. Musa naye akaonyesha picha kwenye simu: vile viti vyepesi anavyosema Regina, vingi havina mishikio nyuma. Hakuna pa kushika ukitaka kumsukuma mtu. Ukumbi ukanyamaza, na mimi nikasimama, maana mwenyekiti husimama pale watu wanaponyamaza.

Nikasema kwamba kiti kisicho na mishikio ni tangazo. Kinautangazia mji mzima kuwa mtu huyu katupwa. Mwamini akionekana barabarani anahangaika na magurudumu kwa mikono yake, sisi sitini na wawili tutaificha wapi sura? Walipiga makofi. Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba kiti kiwe kizito, cha heshima, chenye mishikio, na kwamba Regina si mjumbe.

Mnaniuliza Mwamini alikuwa wapi. Alikuwa ndani, umbali wa nyumba tatu, anakula wali. Katika kamati kumi na sita za harusi sijawahi kumwita bibi harusi kikaoni. Bibi harusi hukaa ndani akapakwa hina, kamati ndiyo inayohangaika, na siku ikifika anashtukizwa kwa mazuri. Ndivyo tulivyozoea, na mazoea yana taabu.

Muuza viti alikuwa Feliksi, Muha wa Kidahwe mwenye duka la vifaa vya wagonjwa kule Mwanga, mtu mpole anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa cheusi, kidogo, mgongo wake mfupi, magurudumu yameinama kwa ndani kwa juu, mishikio hamna. Ukikitazama unaona kama mtu alianza kutengeneza kiti akaishiwa vyuma. Cha pili, jamani, kilikuwa kiti. Vyuma vinang'aa, ngozi ya bandia nyekundu, mto mnene, mahali pa mikono papana unaweza kuweka kikombe cha chai na sahani ya vitumbua. Mishikio yake miwili ilikuwa mikubwa kama ya toroli. Niliwahi kukodi viti vya maharusi vilivyokuwa duni kuliko kile.

Feliksi akauliza atakayekikalia yuko wapi. Nikamwambia ni zawadi ya kushtukiza. Akakuna kidevu, akauliza basi nyonga zake zina upana gani.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nitaomba walaumiwe wazee waliotulea. Kaka haulizwi nyonga za dada yake mbele za watu. Hata faraghani haulizwi. Niliangalia dari. Musa aliangalia simu. Feliksi, aliyedhani hatujasikia, akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, na mteja aliyekuwa akinunua magongo akageuka kututazama. Nasma akaona atuokoe.

"Ni kama mimi tu," akasema.

Mke wangu ni mama wa watoto sita na ni fundi wa maandazi. Mwamini, tangu ajali, amekonda akabaki kama mpini. Mimi nilijua, Musa alijua, nadhani hata yule mwenye magongo alihisi. Lakini kuna mwanamume gani aliyewahi kusimama dukani akamsahihisha mkewe katika jambo hilo? Nasma akakaa kwenye kiti chekundu, kikamtosha barabara, na kamati ikapitisha.

Kwa uadilifu tulijaribu vyote viwili. Nilikaa kwenye chekundu, Musa akanisukuma hadi barabarani na kurudi, na watu wawili nisiowajua wakaniamkia shikamoo. Kisha nikakaa kwenye cheusi. Nikaegemea nyuma kidogo tu, kama mtu anavyoegemea anapotaka kutoa maoni, na kiti kikanibinua. Miguu ilielekea darini, kofia ikaingia chini ya kabati. Feliksi alieleza huku ananiinua kwamba kiti chepesi ndivyo kilivyo, kinamtii aliyekikalia, lazima ujifunze kukaa. Nikamwambia kiti kisichomheshimu mzee hakiwezi kuingia kwangu.

Tulimkabidhi Jumapili baada ya alasiri. Palikuwa na tarumbeta, palikuwa na kanga mpya, na shangazi mmoja alifunga vishada vyekundu kwenye mishikio. Musa akambeba Mwamini kutoka mkekani akamketisha. Akazama katikati ya kiti kama mwiko ndani ya sufuria ya shughuli. Kila upande palibaki nafasi ya kukaa mtoto. Alinyoosha mikono kuyafikia magurudumu, viwiko vikamtoka kama kuku anayefunika vifaranga, akasukuma kwa nguvu zake zote. Kiti kilisogea kiasi cha kiganja.

Aligeuka akaitazama ile mishikio na vishada vyake.

"Nani atasukuma?" akauliza.

"Sisi sote," nikamjibu. "Zamu imeshapangwa." Nikampa karatasi iliyopigwa chapa, yenye majina na siku.

Akaisoma yote, hadi sahihi yangu. "Basi vizuri, kaka. Ahsanteni sana."

Mimi nimemjua Mwamini miaka hamsini na minne. Mteja akimtajia bei ya matusi, hivyo ndivyo anavyosema, kwa sauti hiyohiyo. Nilipaswa kushtuka, lakini tarumbeta lilikuwa karibu na sikio langu.

Zamu ya Jumatatu ilikuwa yangu. Nilitoka msikitini alfajiri nikakuta simu imepigwa mara nne. Anataka Kibirizi. Kiti hakiingii kwenye bajaji, tukatafuta kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Mlango wa nyumba yake ulikuwa mwembamba kuliko kiti, tukamtoa yeye kwanza, kisha tukakitoa kiti kwa ubavu, na kiliondoka na kipande cha fremu. Kibirizi tulipofika magurudumu yalizama mchangani, wapagazi wanne wakakinyanyua naye yumo juu, akipita hivyo kati ya boti huku anatoa maelekezo. Boti la kwanza hakupenda dagaa wake. Twende la tatu. La tatu bei hakuipenda, turudi la kwanza. Kisha kwenye vichanja vya kuanikia, kisha ghalani, kisha choo, kisha kwa anayechaji simu, kisha vichanjani tena kwa sababu alihisi mvua. Saa nane nilikuwa nimelowa jasho hadi soksi, yeye anauliza kama naweza kumpitisha msibani Gungu tukirudi.

Jumanne Nasma alimpeleka sokoni, kwa fundi cherehani, kwa mjukuu wake anayeumwa na sikio, na tena kwa fundi cherehani. Jumatano Musa. Alhamisi mpwa wetu mmoja ambaye jioni yake aligundua kwamba ana ngiri. Wiki ya pili ikaja na Kidahwe, kuna mtu alikuwa na mbao nzuri za vichanja. Nilikuwa nikikisukuma kiti kile kilimani nikiongea na Mungu kwa sauti.

Kundi la WhatsApp likaanza kupungua. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Binamu mmoja aliandika kuwa amehamia Kasulu, na dakika kumi baadaye nikamwona anapita mbele ya duka langu na mkate. Mwisho wa wiki ya tatu tulibaki watatu: mimi mgongo, Nasma magoti, na Musa ambaye abiria wake wa bajaji walishachukuliwa na wenzake.

Usiku kitandani nilimwambia Nasma kwamba Mwamini anatukomoa. Hapendi kiti, kwa hiyo ameamua kutuadhibu kwa safari. Nasma akasema ameshalijua hilo tangu siku ya sikio la mjukuu. Tulikubaliana kwamba ni roho mbaya, tukalala tukiwa na amani ya watu waliodhulumiwa.

Alhamisi iliyofuata nilimpeleka Kibirizi asubuhi, nikamweka kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, karibu na dagaa wake. Nikamwambia Musa atamfuata saa nne. Musa alielewa kwamba ni mimi nitakayemfuata saa nne. Nilirudi Ujiji, nikanywa kahawa, nikacheza bao, nikashinda, jambo ambalo si la kila siku. Saa nane Nasma akapiga simu kuuliza Mwamini amekula nini.

Tulifika Kibirizi mimi na Musa kwa kasi ambayo sitaki askari wa barabarani aijue. Alikuwa palepale nilipomwacha. Kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa ghala. Magurudumu yalikuwa yamezama hadi karibu nusu, maana wanawake watatu walijaribu kumsogeza, na kila walivyosukuma ndivyo kiti kilivyochimba. Wapagazi wote walikuwa kwenye boti la mizigo lililokuwa linaondoka. Alikaa ameinyoosha shingo, uso umeungua, ametandaza kanga mapajani na nyingine juu yake. Wale wanawake walikuwa wamempa mgongo wote kwa pamoja, wanageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa. Nilipokaribia nikaona ngozi nyekundu ya kiti imelowa, na maji yalikuwa yametiririka hadi mchangani. Nikaelewa.

Nikaanza kueleza habari za zamu. Nilieleza vizuri sana, nilitaja saa nne mara tatu. Mwamini akainua kiganja.

"Kaka, nilikaa hapa naliona jua linakuja," akasema. "Sikuwa namtaka mtu. Nilitaka kusogea hatua tatu."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi aibu ilinipanda, na aibu ikinipanda huwa naitoa kwa hasira. Nikamwambia naye amezidi, wiki tatu hizi ametukomoa vya kutosha, boti, ghala, msiba, fundi, Kidahwe, siku moja mtu anazunguka kama posta.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Nilitegemea ukali, na ukali ningeuweza.

"Kukomoa? Hizo ni safari zangu, Mwinshehe. Nilikuwa nazienda kwa miguu kila siku ya Mungu. Wewe hukuwahi kuziona kwa sababu hukuwahi kunibeba."

Hajawahi kuniita kwa jina tangu azaliwe. Nilimwangalia Musa, Musa akaangalia ziwa. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile magunia yalipomwangukia, maana siku ile hapakuwa na mkono wangu. Nilikwenda kwenye maji nikanawa uso, nikakaa huko zaidi ya kunawa kunakohitaji, mpaka wanawake wale wakamsitiri, wakambadilisha nguo. Kisha tukamnyanyua, tukarudi nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kwake kumwambia kwamba nitaitisha kikao tufikirie upya. Aliniambia nisiitishe. "Mwenyekiti ni wewe, lakini mkaaji ni mimi," akasema, na akaniagiza nimpigie Regina simu.

Jumamosi tulikuwa tena dukani kwa Feliksi, safari hii tukiwa wanne na Regina, kiti chekundu kikifuata nyuma kwa kirikuu kama mtuhumiwa. Regina alitoa futi ya kushonea. Alipofika kwenye nyonga niligeukia ukuta mwenyewe, bila kuambiwa, nikasoma tangazo la mikanda ya mgongo mpaka mwisho. Nilisikia sentimita thelathini na nane. Nasma baadaye aliuliza kwa upole ni nani hasa aliyesema kwamba ni kama yeye.

Feliksi akakileta kile cheusi. Mwamini, aliyekuwa ameketishwa kwenye benchi la duka, hakukikalia. Alimwomba Musa atoe kitu kwenye bajaji, na Musa akarudi na mizani ya Mwamini ya kuning'iniza, ile ya Kibirizi, bado ina magamba. Wakaitundika kwenye nondo ya mlango. Kiti cheusi: kilo tisa na nusu. Kiti chekundu kilihitaji wanaume wawili kukitundika, na mshale ukaenda hadi ishirini na saba na mlango ukalia.

Nasma alikuwa hajakata tamaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba pamoja na yote, hiki chekundu ndicho chenye mali ndani yake.

"Wifi," Mwamini akamwambia, "dagaa mkavu ni mwepesi. Anayekuuzia uzito anakuuzia maji."

Nasma ameolewa katika ukoo wa dagaa miaka thelathini na mitano. Aliondoa mkono juu ya ngozi nyekundu.

Kisha nikaona jinsi kiti kinavyonunuliwa. Mwamini alikipindua juu chini mapajani kama samaki anayekaguliwa mashavu. Akazungusha kila gurudumu na kulitazama kwa jicho moja kama linayumba. Akakwaruza maungio kwa ukucha, akafunga breki na kujaribu kulilazimisha tairi lizunguke, akaulizia spoku na tyubu zinapatikana wapi, na Feliksi alipojibu kwamba ni zilezile za baiskeli, aliitikia kwa kichwa, ameridhika kwa mara ya kwanza. Akabonyeza kitufe cha katikati na gurudumu likachomoka mkononi mwake. Mimi nilidhani ameshakivunja. Ndivyo kinavyoingia kwenye bajaji, akasema Regina.

Hapo ndipo akaomba kuwekwa juu yake. Kilimkaa kama nguo ya fundi mzuri. Mikono ilishuka yenyewe kwenye magurudumu, viwiko vimetulia ubavuni. Regina alikuwa amefunga viguu viwili vidogo nyuma vya kuzuia kubinuka, vya kujifunzia, na akamwambia aegemee aone. Aliegemea, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, akapiga ukelele mdogo, kisha akacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mwezi wa pili. Nilitazama tena tangazo la mikanda.

Nakiri kwamba hata hapo bado nilikuwa na jaribio moja. Wakati wanamfundisha kukata kona, nilimvuta Feliksi nyuma ya kabati, nikamnong'oneza kama anaweza kuchomelea mishikio miwili midogo kwa nyuma. Si ya kutumia. Ya kuonekana tu, watu wakipita wajue ana ndugu. Feliksi akahuzunika. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba mzee, chuma ni chuma, uzito utarudi. Niliendelea kumbembeleza kwamba iwe hata ya mpira.

"Kaka," Mwamini akaita kutoka upande wa pili wa duka, "ukitaka mishikio nunua toroli."

Feliksi alikubali kubadilishana, chekundu kikabaki kwake na vishada vyake. Kibirizi, Mwamini akaagiza mbao za boti kuukuu zilazwe mchangani kutoka barabarani hadi ghalani, na kutoka ghalani hadi kwenye vichanja. Wiki nzima alijifunza na Regina nyuma ya nyumba. Alianguka mara mbili. Mara zote mbili nilikimbia kumwinua, na mara zote mbili alinifukuza.

Jumatatu akasema anakwenda kazini, atachukulia bajaji barabarani. Kutoka kwake hadi barabarani ni kilima kidogo na mteremko. Nikasema nitamsindikiza. Hakunikatalia, njia si yangu wala yake.

Tulipoanza kutembea sikujua niiweke wapi mikono. Niliifunga nyuma, nikaona nafanana na mkaguzi. Nikaitia mfukoni. Hakukuwa na kitu nyuma ya kiti cha kunifanya nikae huko, kwa hiyo nilijikuta nipo ubavuni mwake, na nikamwona uso. Wiki zote zile za kusukuma nilikuwa naongea na kilemba chake, naye ananijibu akiwa ameielekea barabara. Sikujua kwamba amezeeka. Sikujua kwamba akikaza anang'ata mdomo upande mmoja, kama mama yetu. Aliniuliza habari za mgongo wangu, nikamwambia bado unauma, akasema pole, na nilitaka kulia pale barabarani, mtu mzima na kofia yangu.

Kwenye kilima pumzi zilimwishia. Mikono yangu ilitoka mfukoni yenyewe, ikaenda nyuma ya kiti, ikakuta hewa.

"Acha," akasema, wala hakugeuka. Akapumzika kidogo, akakaza tena, akafika juu kabla yangu.

Kule juu njia inaanza kushuka. Alinitazama, akacheka kile kicheko cha dukani, akalegeza mikono. Magurudumu yakashika kasi, kanga ikapeperuka, kuku wawili wakaiacha barabara. Nilimwita asubiri. Nilikimbia hatua kama kumi hivi, kisha mgongo ukanikumbusha umri wangu, nikasimama nimeshika kiuno nje ya kibanda cha Iddi kinyozi.

Iddi alitoka na kitana mkononi, mteja wake nusu ya kichwa imenyolewa, wakalitazama vumbi lile mpaka mwisho wa mteremko. Iddi alikuwa mjumbe wa kamati yangu kabla hajaondoka kwenye kundi. Alinigeukia kwa huruma kabisa.

"Mwinshehe, ndugu yangu, ina maana dada yako amekosa mtu wa kumsukuma?"

Nilikuwa bado nahema, ikabidi nisubiri pumzi.

"Kamuulize mwenyewe," nikamwambia, "kama utamfikia."